Jani la Isale Njia ya Mbeya

Siku yangu ya kwanza karakanani Moshi, miaka michache baada ya vita vya Hitla, Fundi Mkuu hakunipa spana. Alinipa hendeli, kile chuma cha kuzungushia injini mpaka iwake, akaniambia, "Kidole gumba kiweke upande mmoja na wenzake. Ukikikunja, injini ikiirudisha hendeli kwa nguvu itakuvunja mkono, nami sina mkono wa kukuazima." Nikazungusha mpaka jasho likanitoka. Ndivyo nilivyoanza kazi ya utingo.

Utingo alikuwa mtu wa kila kitu: kutia maji kwenye rejeta, kuziba pancha, na kuruka chini na kabari, yaani kipande cha gogo, kulizuia gurudumu lori linapogoma mlimani. Nilifanya hivyo miaka minne katika barabara za Kibosho na Marangu, usukani nikiutazama kwa wivu. Leseni nilikwisha kuipata, lakini Meneja wa Usafirishaji, Mzungu wa maneno machache, hakuniamini.

Ndipo wakulima wa Mbeya walipoagiza mashine ya kumenya kahawa kutoka Moshi, na dereva wetu akalazwa na malaria. Meneja akaniita. "Utakwenda peke yako. Kahawa yao inaiva. Ufike Jumamosi. Usipofika, utarudi kwenye kabari mpaka uzeeke."

Mama alishuka kutoka Marangu akaniletea ndizi za kuchoma na majani ya isale. Sisi Wachagga, ukimkosea mtu unampa jani la isale kuomba radhi, na anayelikataa hujitia aibu kubwa. "Nchi za watu hizo," alisema, "huwezi kujua utamkosea nani."

Arusha, Babati na Kondoa nilizipita nikiimba. Kwenye miteremko nilishuka kwa gia ndogo, maana breki za wakati ule zikipata moto hazimjui mtu. Alhamisi asubuhi, nilipokwisha kuipita Dodoma, mbuzi akaruka barabarani, nikamgonga akafa. Mzee mmoja wa Kigogo, mwenye mbuzi, akatoka kwenye miiba ameinua fimbo, punda wake nyuma. Nikazima gari, nikashuka, nikainama na kumpa isale kwa mikono miwili.

"Shikamoo, babu. Nisamehe."

"Marahaba." Akalipokea, akalinusa, akampa punda. Punda akalitema.

Nilitamani ardhi inimeze. Nikampa jani la pili, nalo likaenda kwa punda. Basi nikaketi vumbini, nikaapa moyoni kwamba siondoki bila msamaha, hata kama Jumamosi itanipita na usukani niukose. Mzee akamchuna mbuzi, akakoka moto, akinitazama kama anavyotazamwa mgonjwa. Saa nane hivi akaniletea ubavu uliochomwa.

"Kijana, unangoja nini?"

"Unisamehe, babu."

"Nilikusamehe uliposhuka. Wenzako huwa hawasimami. Fimbo niliinua kukuzuia, korongo la mbele limejaa maji. Hayo majani nilidhani umemletea punda."

Nilicheka mpaka nyama ikanipalia. Akapanda nami, akanionyesha kivuko cha ng'ombe upande wa juu, penye mawe magumu chini ya maji. Tulivuka taratibu. Kwa mbali tuliona malori matatu barabarani yakingoja maji yapungue.

Jumamosi alasiri niliingia Mbeya nikiwa na matope mpaka kwenye nyusi. Wakulima wakaizunguka mashine, akina mama wakapiga vigelegele. Karani wao akanishika mkono. "Pole na safari, dereva."

Nikageuka nyuma kutazama anasema na nani. Hakuwapo mtu mwingine, na sioni haya kusema kwamba machozi yalinitoka.

Niliendesha malori, kisha mabasi, zaidi ya miaka thelathini. Sasa nimestaafu, natunza migomba yangu Marangu. Ninyi vijana mna lami na gari linalowaka kwa ufunguo. Siwaonei wivu, au labda kidogo tu. Wajukuu huniita Babu, na Jumapili mimi ni Mzee wa Kanisa. Ni majina mazuri, nami nayaitikia. Lakini nikishuka Moshi mjini na mtu akapaza sauti, "Dereva!", wa kwanza kugeuka huwa ni mimi.