Pini ya P Imebaki Kwangu, Gari Liko Mteremkoni kwa Baba Mkwe

Admin, jina langu naomba libaki kwako, maana hapa Nyarero tunajuana hadi kwa mlio wa pikipiki. Mimi ni mwanaume wa miaka 31, nina mke na mtoto mmoja wa miaka mitatu. Ni fundi wa magari ya kukanyaga klachi. Gia boksi ya oto, ile inayojibadilisha yenyewe, nilikuwa naiona tu kwa wenzangu.

Mwaka jana baba mkwe alimchukua mke wangu pamoja na mtoto, akawapeleka kwake Nyanungu. Alisema binti yake hawezi kukaa na mtu anayejiita fundi na kazi haijui. Nilikaa miezi minne peke yangu, nyumba imenuna. Kisha gari la baba mkwe, la oto, likagoma kwenda mbele. Nikaona hii ndiyo nafasi yangu, nikamdanganya kwamba oto nimeisomea.

Nilishusha gia boksi, nikaifungulia sebuleni juu ya shuka. Nikafuata video kwenye simu, nikabadilisha klachi pleti na sili, nikaosha vyuma vyote kwenye beseni la petroli. Siku sita. Likatembea, tena vizuri! Mzee akaniita mwanangu, akamruhusu mke wangu arudi na mtoto. Nililia, sioni aibu kusema.

Kilichoniponza ni mdomo. Handibreki ya gari hilo ilikufa zamani, na boma la mzee liko mteremkoni, kwa hiyo akiegesha huweka jiwe kwenye tairi. Mimi kwa majivuno nikamwambia, "Baba, mawe ni ya malori. Hii ni oto, ukiweka P imeshika." Akalitupa jiwe mbele yangu.

Juzi nikamwaga ile petroli ya kwenye beseni. Chini kulikuwa na pini moja. Nimerudia video mpaka macho yakauma: ni ile inayoshikilia chuma kinachozuia gari lisiondoke ukiweka P. Nilijaribia P hapa kwangu, tambarare, ndiyo maana sikugundua.

Nikampigia mzee. "Shikamoo baba. Hebu weka jiwe kwanza kwenye gari."

"Marahaba. Jiwe la nini tena? Wewe si ulisema ni ya malori? Ama kazi hukumaliza?"

Nikaogopa. Nikamjibu, "Hapana baba, ni mazoea tu." Akacheka, akaniambia asubuhi ile gari lilisogea kidogo, akamchapa mjukuu wake mwingine anayekaa pale bomani, akidhani amechezea gia. Mtoto wa watu hakugusa kitu.

Chini ya pale anapoegesha ndipo mama mkwe anapopikia, na watoto wa boma huota jua hapo hapo. Tangu juzi chakula hakipiti. Mke wangu anauliza nina nini, namwambia malaria. Nikisema ukweli, mzee atakuja kuchukua watu wake na safari hii hatawarudisha. Nikinyamaza, jamani, hata kuandika naogopa.

Wa kunitukana nitukaneni, nastahili. Ila mnifundishe namwambiaje yule mzee. Tangu asubuhi nafungua namba yake, naifunga. Na sasa hivi ninavyoandika, anapiga yeye.