Chungu Alichokivunja Penina

Penina wa Nduruma alikuwa mwanamke wa kichwa kigumu, na hakuna aliyemtoa ugumu huo mpaka anaingia kaburini. Lakini kichwa kigumu si dhambi. Dhambi yake ilikuwa nyingine, na watu wa mteremko ule wa Meru waliijua wote, maana aliitenda mchana, njia panda, mbele ya macho yao.

Ilikuwa wakati wa vita vya Hitla. Wamisionari wa Kijerumani walikuwa wamechukuliwa na Waingereza, usharika ukabaki mikononi mwa Mchungaji Philemoni, mtu wa pale pale, mwenye kahawa yake na migomba yake kama wengine. Penina alikuwa mjane asiye na mtoto. Mumewe alimwachia kishamba na mtamba mmoja mwekundu, basi. Mtamba huyo alimfuga ndani ya nyumba, akamlisha kwa mkono, akazungumza naye kama mtu. Akashika mimba. Halafu Ijumaa Kuu, Penina katoka kanisani, anafika nyumbani anakuta kamba tupu.

Alizunguka huyo! Aliuliza Sekei, aliuliza mnadani, akashuka mpaka Kaloleni kwa wachinjaji. Wapi. Mzee wa kanisa Ephraimu akamshauri amwachie Mungu.

"Mungu hakuibiwa," Penina akamjibu. "Nimeibiwa mimi."

Akaenda kwa mzee Sakaya, ambaye watu wa ukoo walimwendea kwa mambo kama hayo, na chungu cha laana kikavunjwa pale njia panda. Maneno ya chungu aliyasema Penina mwenyewe: aliyemchukua mtamba, na aliyejua akanyamaza, yeye na nyumba yake wapasuke hivi.

Kila mtu wa kule anajua chungu kilivyo. Kikishavunjwa, hakichagui mkubwa wala mdogo. Na aliyekivunja hali sahani moja na waliovunjiwa, asije akashikwa naye. Wakristo nao waliyajua hayo, ingawa mchungaji akiwauliza walisema hawajui.

Philemoni akamtenga. Akawa anakaa benchi la nyuma, karibu na mlango, na Meza ya Bwana ikiandaliwa anatoka nje.

"Utarudi kundini ukitubu, mama," Philemoni alimwambia.

"Nitatubu ng'ombe akirudi."

Mvua za vuli zilipoanza, akasikia Thomasi anaumwa. Thomasi alikuwa mdogo wake wa pekee. Mama yao alipofariki, Penina ndiye aliyembeba mgongoni, akamtafunia chakula, akamkuza. Akanunua kibuyu cha maziwa kwa jirani, akaenda. Mlangoni akasimamishwa na Evaresta, mke wa Thomasi, binti wa Kichaga kutoka Machame.

"Rudi na maziwa yako, wifi."

"Ndugu yangu anaumwa, wewe unanirudisha?"

"Mwenyewe amesema usiingie. Amesema ukila naye mtakufa wote wawili."

Penina akasimama na kibuyu chake. Kidogo kidogo maneno yakamwingia.

"Ni yeye?"

Evaresta akaangalia chini. Ndani, sauti ya Thomasi ikasikika, nyembamba kama ya mtoto. "Dada, wazee wa Evaresta walitaka kumrudisha kwao. Mahari ilikuwa haijatimia. Nilisema moyoni nitakulipa, ukanitangulia na chungu."

Thomasi hakula tena. Waliomwona walisema aligeukia ukuta, akasubiri kifo mpaka kikaja. Hospitalini walisema ni mapafu. Majirani walisema ni chungu. Penina hakujua ni lipi, na hilo ndilo lililomla. Angemkata kwa panga angejua kwamba amemuua, akalia kilio kimoja akamaliza. Sasa alilia viwili. Siku ya mazishi alisimama mbali, migombani, maana msiba ule haukuwa na chakula chake.

Akaenda kwa mchungaji. "Nimetubu," akasema.

"Ng'ombe amerudi?" Philemoni naye alikuwa na ulimi. Lakini alipomwona mama mzima anakaa chini kwenye udongo akilia, aliona aibu, akachuchumaa mbele yake. "Nisamehe, mama. Mungu amekusikia kabla hujafika hapa kwangu. Ila kundini utarudi Evaresta akisimama mbele ya watu aseme hana neno na wewe. Huo ndio utaratibu wetu."

Evaresta alipopelekewa habari alisema, "Aniletee mume wangu kwanza."

Basi Penina akabaki benchi la nyuma. Wengine wakitengwa huhama kanisa, au hurudi kwenye pombe. Yeye hakukosa ibada hata moja. Wenzake wakienda Mezani alisimama nje kwenye kahawa, mvua ikimnyeshea, na aliyemletea jani la mgomba la kujifunika alifukuzwa. Hakuwa na sala ndefu. Alisema tu: "Nimemuua au sikumuua, nihurumie." Akifika nyumbani anasema tena, akilima anasema tena. Mpaka kazi ikaanza kwenda mikononi mwake. Si kwamba uchungu uliisha. Alipata mahali pa kuuweka.

Masika iliyofuata, Evaresta akaja kwake mbio. Mtoto wake Susana, aliyeachwa na Thomasi akiwa anaanza kutembea, alikuwa na homa, kifua kinapanda na kushuka.

"Wifi, twende kwa Sakaya. Achinje kondoo, asafishe chungu. Mimi nilijua nikanyamaza, na sasa kimefika kwa mtoto."

"Twende hospitali ya misheni."

"Chungu hakisikii sindano!"

"Siendi kwa Sakaya. Nikienda, nimesema chungu ndicho bwana. Toba yangu yote nimeitupa."

Evaresta akampigia kelele. "Kwa hiyo mwanangu afe ili wewe ukale Meza ya Bwana! Uliniulia mume, sasa mwanangu!"

Neno lile lilikuwa na ukweli ndani yake, na Penina alikuwa mtu wa kuutambua ukweli hata ukimchoma. Akafunga kanga, akatangulia njia mpaka nyumbani kwa Evaresta. Mtoto alikuwa amelala karibu na moto. Kando yake palikuwa na bakuli la loshoro, mahindi na maziwa ya mgando, alilolishwa akashindwa kumaliza.

Penina akakaa, akachukua bakuli, akala mabaki ya mtoto.

"Wifi! Umechanganyikiwa?"

"Kama chungu kinamshinda Yesu, kianze na mimi niliyekivunja. Keti tule."

Asidhani mtu kwamba hakuogopa. Aliogopa, akameza hivyo hivyo. Evaresta naye akaketi, akatia mkono katika bakuli lile lile, akala huku machozi yakimdondokea humo. Walipomaliza, Penina akamfunga mtoto mgongoni, akashuka naye hospitalini katika tope, Evaresta akimshika kiwiko kila anapoteleza.

Mtoto alipona, lakini alikaa sana kitandani. Penina naye alingoja kufa. Kila asubuhi alijigusa, akajikuta mzima, akashangaa, akaenda kulima.

Hata ikafika Jumapili Philemoni alipouliza mbele ya usharika kama kuna mwenye neno na Penina. Evaresta akasimama.

"Nilijua, nikanyamaza. Ng'ombe yuko kwa baba yangu," akasema. "Sina neno na wifi yangu. La Thomasi bado linaniuma, nisidanganye mbele ya madhabahu."

"Linatosha," Philemoni akasema.

Wakapiga magoti pamoja. Penina alipokea mkate, akashindwa kuutafuna kwa kulia, akaushika mdomoni mpaka ukayeyuka.

Nje ya kanisa Evaresta akamfuata.

"Usifikiri nimesahau, wifi."

"Hata mimi sijasahau."

Wakashuka njia pamoja.

"Kesho nina palizi. Nimwache mtoto kwako?"

"Mlete mapema," Penina akasema. "Na uje na kuni, zangu zimeloa."