Kabati Tulilolichafua

Kabati la jikoni la mama lilikuwa la formika, ile plastiki ngumu ya kung'aa, iliyochorwa mishipa ya mti wa libuyu mpaka wageni waligonga kwa vidole waone kama ni mti kweli. Mama alifurahi sana walipodanganyika. Kuna majirani waliokuja kuazima sahani ili walitazame tu.

Vita vikaingia Kindu. Askari walipita nyumba kwa nyumba, na kizuri walichokiona walichukua. Hilo tungelivumilia. Shida ni kwamba hawakubeba wenyewe: walikamata kijana wa nyumba ile ile, wakamtwika mzigo mpaka kambini, na wengine hawakurudi. Yaya wangu, yaani kaka yangu mkubwa, mzaliwa wa kwanza wa mama, alikuwa na mabega mapana.

"Lipake rangi," mama akamwambia. "Likuwe baya, muntu asilitamani."

Yaya akapata masalio ya rangi nyeusi ya mitumbwi kule mtoni. Formika haishiki rangi isiposuguliwa kwanza, na karatasi ya kusugulia tungeitoa wapi? Basi akapaka kwa viganja, mabonge mabonge. Wallahi, tulicheka! Mama alicheka mpaka akakaa chini. "Hata panya atalikataa," akasema.

Walikuja kesho yake asubuhi. Mkubwa wao akaingia jikoni, akalitazama kabati, akatema mate. Nikamshukuru Mungu moyoni. Kisha akamshika yaya mkono, akaugeuza. Ulikuwa mweusi mpaka kwenye kucha.

"Weye njo fundi wa rangi?"

Yaya akajaribu kuuchomoa mkono.

"Tuko na motokari ya kupaka. Twende."

Mama akawafuata hadi barabarani akilia kwamba mtoto wake si fundi, hajui kitu. Hawakugeuka. Tuliuliza kambini, tukauliza wachuuzi waliotoka miji ya Kama na Kampene, mpaka watu wakaanza kutukwepa. Yaya hakurudi. Anayetaka kuniambia ni mapenzi ya Mungu, tafadhali aninyamazie.

Mwaka huu rangi ile ilianza kubanduka, magamba yake yakawa yanaanguka kwenye chakula. Nikachoka nayo. Nikanunua karatasi ya kusugulia na rangi nyeupe, nikasugua, nikapaka, likapendeza. Mama sasa ni mzee, haoni vizuri. Alikuwa amekaa mlangoni. Nilipopita kwenda sokoni akanidaka mkono, akaunusa.

"Uko na rangi! Uko na rangi ku mikono!"

"Mama, vita viliisha zamani."

Akafunga mlango. Akachukua petroli ya taa na tambara, akanisugua vidole mpaka ngozi ikawaka moto. Nikamwambia tena kwamba nje hakuna askari, kuna wauza mihogo tu.

"Mimi njo nilimuambia apake," akasema. "Mimi, mama yake."

Nikampa mkono wa pili.