Sauti Iliyokuwa Chini ya Yangu

Katika ghala moja la zamani la mawese hapa Rumonge, ambalo kuta zake bado hutoa harufu ya mafuta jua likizidi, tulikuwa tukitazama filamu kila Jumapili baada ya swala ya alasiri. Hazikuwa filamu za kupigana. Hizo zina vibanda vyake karibu na soko, na wateja wake hawakutuhitaji. Zetu zilikuwa filamu za mambo ya kweli: watu halisi katika kazi zao, na kamera ikiwafuata. Diski zilitoka Bujumbura, kwenye nyumba ya utamaduni iliyokuwa ikiziazimisha kwa vikundi vya mikoani. Mhudumu wa nyumba hiyo alikuja nazo Jumapili mchana na kurudi nazo jioni ile ile, wala hakukubali zichezwe mahali pengine. Karibu zote zilizungumza Kifaransa, na kwa kuwa wengi wa watazamaji hawakukifuata, mimi, mwalimu wa Kifaransa, nilisimama kando ya shuka jeupe na kufasiri kwa sauti kubwa. Nilifanya hivyo kwa miaka sita.

Walimu wenzangu waliniuliza mara nyingi kwa nini wavuvi na wachuuzi wa mawese warudi kutazama kwa mara ya tatu filamu ya watu wanaokata barafu. Nilikuwa na jibu langu, kwamba binadamu ana njaa ya maarifa. Jibu hilo lilinipendeza, ila halikuwa kweli. Maarifa ndiyo yaliyosahauliwa kwanza. Hakuna aliyeweza kuniambia, hata baada ya wiki moja, barafu ile ilikuwa na unene gani. Kilichobaki ni kwamba mkata barafu, kabla ya kutoka nyumbani, aligusa mlango wake mara mbili. Tulipata pia filamu ya mzee anayetengeneza saa katika nchi ya baridi. Ilijaa historia ya saa tangu zama za kale, nami niliifasiri yote kwa juhudi. Watu waliiacha historia hiyo palepale ghalani, wakaenda wakibishana sokoni kwa nini mzee yule anakula peke yake. Mama mmoja muuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, alishikilia kwamba mzee ana watoto, ila wenye filamu wamewaficha ili tumhurumie. Ilipoonyeshwa filamu ya samaki wa ziwani waliopigwa picha chini ya maji, wavuvi wa Magara walicheka tangu mwanzo hadi mwisho, wakisema samaki wapole kiasi kile lazima wamepewa kitu kidogo.

Kwa hiyo nilijifunza, polepole na bila kupenda, kwamba filamu ya kweli hukaa na mtu kwa sababu ya jambo ambalo mpiga picha hakulikusudia. Nililijua hilo kama jambo la kusema mbele ya wenzangu. Halikuwa bado limenigharimu chochote.

Filamu iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ile ya michikichi. Haikuwa nzuri. Ilipita katika nchi nyingi kwa haraka, kama mgeni asiyevua viatu, na sehemu yetu ilikuwa ya dakika nane tu, iliyopigwa hapa jirani, Kizuka, zaidi ya miaka thelathini iliyopita. Inaonekana mashine ya kukamulia: parafujo kubwa ya chuma katikati, mti mrefu uliopachikwa juu yake, na wanaume wanne wakiusukuma kwa vifua huku wakizunguka, mafuta mekundu yakichuruzika chini. Kisha mmoja wao, kijana mwenye taulo shingoni, anasimama, anajifuta uso na kusema na kamera kwa muda wa karibu dakika moja. Maneno yake mawili ya kwanza yanasikika. Halafu inaingia sauti ya Kifaransa, nzito, yenye huzuni ya kujifunza, na kusema kwa niaba yake kwamba kazi hii inawamaliza, kwamba wanaifanya kwa kukosa nyingine, na kwamba watoto wao hawatapata hata hiyo.

Nilifasiri maneno hayo kila mara filamu ilipoonyeshwa, na kila mara niliongeza langu. Niliwaambia vijana waliokuwepo wamtazame mtu yule: amekata tamaa, na bado anarudi kusukuma. Niliita hiyo subira. Darasani niliyatumia maneno yale ya Kifaransa kama imla, na wanafunzi wawili watatu waliandika insha nzuri juu yake.

Mtu yule alikuwa akisema Kiswahili. Ilikuwa wazi tangu neno lake la kwanza, na mwenye masikio yeyote angeweza kulitambua. Lakini tulikuwa tumezoea, mimi na ukumbi mzima, kwamba kitokacho kwenye spika ni Kifaransa na lazima kipitie kwa mwalimu. Kwa miaka sita nikamtoa Mswahili kwenye Kifaransa na kumrudisha kwenye Kiswahili, mbele ya Waswahili, ilhali mwenyewe alikuwa akisema nyuma yetu sote. Hakuna aliyeliona hilo kuwa kichekesho.

Alhamisi moja, masomo yalipokwisha, mwanamke alinisubiri kwenye lango la shule. Nilimfahamu kwa sura. Anauza vitenge sokoni na umri wake umepita kidogo thelathini. Tulisalimiana, amahoro kwa amahoro, akaniuliza hali ya nyumbani, kisha akaeleza shida yake bila kuizungusha. Mzee mmoja aliyewahi kusukuma mashine ile ya Kizuka alikuwa amemwambia kwamba kijana mwenye taulo ni baba yake. Baba huyo alikufa kwa maradhi yeye akiwa hajaweza kukaa. Baadaye, wakati wa vita, mama yake alikimbilia Tanzania akiwa naye mgongoni, na picha zilizokuwepo zilibaki ndani ya nyumba, na nyumba yenyewe haikubaki. Hakuwahi kumwona baba yake wala kumsikia. Jumapili iliyopita alikuja ghalani, akasimama karibu na spika na kurekodi kwa simu.

Akaitoa simu ili nisikie. Yalisikika maneno mawili, “Sasa nyinyi,” kwa sauti ya kijana. Kisha Kifaransa. Kisha, juu ya Kifaransa, sauti yangu, safi, yenye sarufi kamili, ikimaliza na subira.

“Hapa yote ni wewe, mwalimu,” alisema.

Nilimwambia kwamba maneno ya baba yake nayajua kwa moyo na naweza kumwandikia kwenye karatasi.

“Maneno ulishatuambia. Hata watoto wa jirani wanayasema. Mimi ninatafuta sauti.”

Alichokitaka kilikuwa kidogo na kilikuwa na mwisho wake. Nyumba ya utamaduni ilikuwa imetangaza kwamba inasimamisha kuazimisha, na Jumapili inayokuja ndiyo ingekuwa ya mwisho. Watazamaji walikuwa wameomba filamu ya michikichi iwe ya kuagana. Aliomba ninyamaze baba yake anaposema, ili arekodi. Baada ya siku hiyo diski isingeonekana tena Rumonge.

Nilitafuta sababu ya kukataa na nikaipata upesi, kama apatavyo kila mtu aliyezoea kuwa na sababu. Nilisema si haki ukumbi mzima ukae bila kuelewa kwa ajili ya mtu mmoja. Haikuwa sababu yenyewe. Sikupenda kusimama kando ya shuka mdomo ukiwa umefungwa, mbele ya watu walionizoea ukiwa wazi. Alinisikiliza kwa adabu, akajibu kwamba ni dakika moja tu, na kwamba watu wa Rumonge wameshavumilia mambo marefu zaidi. Nilikubali, bila uungwana mwingi.

Jumapili ghala lilijaa hadi mlangoni. Kabla ya kuanza niliwatangazia kwamba katika sehemu moja sitafasiri, na kwamba naomba kimya, hata cha wenye kutafuna karanga. Mvuvi mmoja wa Magara aliuliza kama mwalimu betri imeisha. Jirani yake akamjibu kwamba hiyo betri haijawahi kuisha, mke wa mwalimu ni shahidi. Watu walicheka sana, na mimi, ambaye huwa siruhusu maneno ya namna hiyo, niliyaacha yapite.

Yule mwanamke alikuwa amesimama chini ya spika, simu ameiinua kwa mikono miwili. Mzee wa Kizuka alikaa kwenye benchi la mbele. Mashine ilionekana, mti ulizunguka, kijana akasimama na kujifuta uso. Nilifunga mdomo. Sauti ya Kifaransa iliingia kama kawaida, na mara moja nikasikia mtu nyuma akilalamika.

“Anasema nini huyo? Mwalimu, tafsiri.”

“Nyamaza wewe,” mwingine alimwambia. “Mutu mwenyewe anasema Kiswahili.”

Nadhani ukumbi wote ulilitambua jambo hilo kwa wakati mmoja, kwa sababu kimya kilichofuata hakikuwa changu. Hawakuwa wakinitii. Shingo zilinyooka kuelekea spika. Chini ya Kifaransa, mbali, kama mtu anayesema katika chumba cha pili, kulikuwa na sauti nyembamba, ya haraka, isiyo na huzuni hata kidogo. Nilishika maneno machache: “juani”, “mabati”. Kisha Mfaransa akamaliza. Hilo sikuwa nimewahi kuligundua, kwa kuwa hapo ndipo mahubiri yangu yalipokuwa yakianza: Mfaransa alimaliza kabla ya kijana, na kijana akaendelea peke yake kwa muda wa pumzi tatu au nne, sauti yake ikiwa wazi kabisa.

“Bibi yangu anakuja na chakula sasa hivi. Musiende. Mutakula na sisi.”

Halafu akacheka, akarusha taulo begani na kurudi kwenye mti.

“Alikuwa anapika kweli, yule mama,” alisema mzee wa Kizuka pale benchini, si kwa sauti kubwa, kama mtu anayethibitisha jambo lililoulizwa.

Mhudumu wa Bujumbura aliombwa airudishe nyuma, akairudisha mara mbili, akipandisha sauti. Mara ya tatu tulikuwa tumeyaunganisha karibu yote. Kijana alikuwa akiwaambia wapiga picha kwamba wanasimama juani namna ile watachoka, wakae chini ya mabati, kazi ipo tu, na kwamba mke wake yuko njiani na chakula. Hapakuwa na lalamiko lolote. Sijui maneno ya Kifaransa yalitoka wapi. Huenda mtu aliyekaa mbali, mezani, aliutazama uso ule uliolowa jasho akaamua unapaswa kusema nini. Siwezi kumlaumu kwa ukali ninaoutaka, kwa sababu nami niliutazama uso huo huo kwa miaka sita na sikuona mtu anayekaribisha wageni. Niliona somo.

Niliendelea kufasiri sehemu zilizobaki, nchi nyingine na michikichi yao. Nilisema kilichosemwa na sikuongeza kitu. Watu hawakunisikiliza sana. Walikuwa wakinong’onezana juu ya chakula kile, kama kilikuwa ugali na ndagala au maharage, na mzee alikuwa akiulizwa.

Ilipokwisha nilimkuta mwanamke nje, upande wa barabara ya Nyanza-Lac, simu ikiwa sikioni. Hakuwa akilia. Alikuwa na uso wa mtu anayelinganisha kitu alichopewa na kile alichokuwa amekifikiria.

“Nilijua iko na sauti nzito,” aliniambia. “Kumbe iko nyembamba. Na anaongea mbio, kama mimi.”

Nilisema kwamba nimeliona hilo. Kisha akaniuliza swali ambalo nilikuwa nikilisubiri tangu ndani. Yale mambo ya kuchoka, ya kukosa tumaini, ya watoto kutopata kitu, nani aliyasema?

“Mfaransa aliyasema,” nilijibu. “Mimi nikayarudia.”

“Na ile ya subira?”

“Hiyo ilikuwa yangu.”

Aliitikia kwa kichwa mara moja, bila hasira, kama anavyofanya sokoni mteja akikiri kwamba kitenge alichokirudisha kilikuwa kimeshafuliwa. Nilitaka kumwomba radhi kwa maneno yaliyopangwa vizuri, na nilikuwa nayo tayari. Nikaona kwamba yangekuwa marefu kuliko ya baba yake. Nilimwambia tu kwamba nimekosea, kwake na kwa yule kijana.

Alinieleza kwamba kesho yake, gari la kwanza, angeteremka Nyanza-Lac kwa mama yake, ambaye miguu haimruhusu tena kusafiri na ambaye hajui kwamba filamu hiyo ipo. Mama huyo hakuolewa tena. Juu ya mume wake husema machache sana, na kila mwaka huyapunguza.

Hapo tabia yangu ilinirudia. Nilimshauri amwandae mama kwanza, amweleze filamu ni ya namna gani, nani aliipiga, kwa nini Kifaransa kiko juu, na kwamba maneno ya Kifaransa si ya kweli, asije akayasikia akaumia. Nilijitolea kumwandikia maelezo hayo, ukurasa mmoja tu, ayasome kabla ya kufungua simu.

“Asante, mwalimu,” alisema, akaitia simu kwenye kitenge kiunoni na kukikaza. “Sitamwambia kitu. Nitamuwekea tu sikioni.”