Siku Tulipogawa Masale Mkutanoni

Asubuhi ile niliondoka Chekereni kwa sababu ndege walikuwa wameondoka. Kazi yangu ilikuwa kuwaamia kwenye mpunga, kwa kombeo, kwa debe bovu, na kwa sauti niliyopewa na Mungu bila maelekezo ya matumizi. Mpunga ulipovunwa ndege wakahamia kwingine bila kuniaga, na mwenye shamba akaanza kuniuliza kama kwetu hawanikumbuki. Nikafunga shuka na sufuria yangu, nikatoka.

Sikuwa na mpango wowote. Niliacha shule darasa la sita kwa kuwa nilikaa karibu na dirisha, na tangu hapo nimekuwa mtu wa kufuata kinachopita nje. Siku ile kilichokuwa nje ni mlima, umejifunua wote mpaka juu kwenye theluji, jambo ambalo haufanyi kwa kila mtu. Nikaamua kuelekea upande wake nione utanivumilia mpaka wapi.

Moshi mjini nilifika juu ya trekta la mpunga, nikanywa chai ya tangawizi na kushika barabara ya Himo kwa miguu. Mbele kidogo ya Kiboriloni nikakuta pikapu nyeupe imesimama kando, na dada mmoja mwenye kofia pana anaokota spika kwenye majani. Ubavuni mwa pikapu paliandikwa jina la asasi, refu mno, limeanzia mlango wa dereva na kumalizikia karibu na taa ya nyuma. Nililisoma lote nikitembea. Lilikuwa na haki, ushirikishwaji, uwazi na uwajibikaji, na nilipofika mwisho nilikuwa nimesahau mwanzo.

Dada yule aliitwa Salome, mtu wa Mwanza, mwezeshaji wa mradi. Aliniuliza kama naweza kukaa nyuma nikalishika spika lisianguke tena. Nikamwambia nimeshika vitu vizito zaidi, na vyote havikuwa vyangu. Dereva, Massawe, akacheka, na mimi nikapanda.

Njiani Salome alinieleza mradi kupitia kidirisha cha nyuma. Wanakwenda kwenye mikutano ya vijiji kuwasaidia wale wasiosikilizwa, wanawake, wapangaji, watu wenye ulemavu, watu waliohamia, wawaulize viongozi wao maswali, na viongozi wajibu hadharani. Nikauliza, viongozi wasipojibu je? Akasema ndiyo maana kuna mradi. Na watu wasipouliza? Akasema ndiyo maana kuna mradi. Massawe akasema yeye ameendesha mradi huo muda mrefu, na kila kijiji wanaouliza ni wanaume wale wale wenye makoti.

Dawa ya makoti ilikuwa kadi za kijani. Kila mtu anapewa moja, ukitaka kusema unainyoosha, na asiye na kadi hasemi hata awe na koti refu namna gani.

Marangu Mtoni baridi ilinipokea shingoni. Tukaacha lami, tukapanda barabara ya vumbi jekundu katikati ya vihamba, migomba juu, kahawa chini yake, na ng'ombe bandani akitutazama kama wageni waliochelewa. Kijiji chenyewe sitakitaja, maana bado napenda kukaribishwa huko. Massawe alitushusha kwenye ofisi ya kijiji, akasema kwa mama mkwe wake ni hatua chache tu na itakuwa aibu asipomsalimia. Akaondoka na gari.

Tulipofungua boksi la kadi tukakuta stika za kampeni ya kunawa mikono. Lilikuwa boksi la mradi mwingine.

Salome alitazama stika, akatazama watu wanaojaa chini ya turubai, akaniambia niende nikatafute majani ya kijani, mapana kiasi, yanayolingana, ya kutosha watu wote. Majani ya mgomba yanachanika. Lakini pembeni ya ofisi, mpakani na kihamba cha jirani, palikuwa na ua wa mimea myembamba yenye majani marefu yaliyonyooka, kama imepandwa maalumu kwa ajili ya mikutano. Nikakata mzigo mzima, nikajipongeza.

Kabla ya kugawa nilisikia kiu. Nyuma kabisa, nje ya turubai, kwenye majani, walikaa wapangaji na watu waliotoka mikoa mingine. Nikamwomba maji mama mmoja aliyekuwa na kidumu. Akanimiminia kidogo kwenye kifuniko, na kuniambia ninywe kwa adabu kwa sababu yametoka mbali.

Huyo ndiye Mama Pendo, Mnyaturu wa Singida. Mumewe anakata miwa kule chini kwenye mashamba, yeye anaishi huku juu akiwakatia majani ng'ombe wa wazee ambao watoto wao wako Dar. Bomba la upande wao wa wapangaji lilikuwa na kufuli tangu kiangazi. Mwenyekiti wa kijiji, Elinami, alilifunga siku alipogombana na Mama Pendo pale bombani, na mbele ya watu akamwambia chasaka hana sauti kwenye maji ya mlima. Chasaka ni neno la huko kwa mtu asiye wa mlimani, mtu wa porini huko, na halisemwi kwa kubembeleza. Tangu siku hiyo kila mkutano ananyoosha mkono na mkono wake hauonekani. Familia kadhaa zimeshahama. Yeye amejipa mpaka mwisho wa wiki, bomba lisipofunguliwa anashuka kwa mumewe kwenye vibanda vya miwa, na Pendo, aliye darasa la saba, atakatishwa shule karibu na mtihani.

"Leo nitasema," aliniambia. "Nimejiandaa maneno makali. Nimeyafanyia mazoezi kwa ng'ombe."

Nikaanza kugawa. Nilimpa wa mwanzo wa kila benchi fungu lake, nikamwambia apitishe. Jambo la ajabu likatokea. Watu waliacha kuzungumza. Kwenye benchi la pili wazee wawili, majirani, walikuwa wamekaa wamegeuziana mabega. Mmoja alipotakiwa kumpa mwenzake jani, alilishika kama kaa la moto, akatazama juu, akatazama chini, akampa. Mwenzake akalipokea, kisha akampa mkono. Mama mmoja nyuma yao akaanza kujifuta machozi. Nikafikiri huu mradi una nguvu kweli.

Mwisho wa benchi la tatu bibi mmoja, Bibi Aikaeli, alinivuta shati.

"Baba, haya umeyakata wapi?"

"Kwenye ua ule, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Unajua unachogawa?"

Nikamwambia ni majani ya kuulizia maswali. Bibi alifumba macho kidogo kama mtu anayeomba subira. Akanieleza kwa sauti ya chini kwamba hayo ni masale. Ukimkosea mtu mlimani, unampelekea isale, jani moja, na maana yake unamwomba msamaha. Na aliyeletewa hana ruhusa ya kukataa, hata kama amekosewa namna gani. Wazee wale wawili walikuwa hawajasalimiana tangu dume la mmoja lilipokula mahindi ya mwenzake, na mimi nilikuwa nimewapatanisha kwa neno "pitisha".

Niligeuka nimwambie Salome, lakini yeye alishashika kipaza sauti. Alikuwa ametangaza sheria ya jani, na mwenyekiti alikuwa ameisifu. Kisha akamkabidhi mwenyekiti jani lake kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Elinami, mtu mnene mpole wa sauti, mwenye koti, alilipokea akitikisa kichwa, kama mtu aliyengoja muda mrefu asasi hii imwombe radhi.

Majani yakaniishia mkononi kabla ya kufika nje ya turubai. Salome aliliona hilo haraka. Hilo ndilo jicho alilosomea.

"Mama yule wa nyuma hana jani," alisema kwenye kipaza sauti. "Mwenyekiti, wewe ndiye mwenyeji wetu. Naomba umpe lako."

Vichwa vyote vikageuka. Hata wapangaji waliokaa nje waliinuka nusu. Mwenyekiti alilitazama isale mkononi mwake kana kwamba limeota hapo hapo. Asipotoa, amemnyima mama haki ya kusema mbele ya asasi na kipaza sauti chake. Akitoa, amemwomba msamaha Mnyaturu mbele ya kijiji kizima.

Akasema mama anaweza kusema tu bila jani. Salome akamkumbusha, kwa upole, kwamba sheria ni sheria na yeye mwenyewe ameipigia makofi. Mwenyekiti akasema basi mama aje alichukue mezani.

"Hilo halifuatwi, mbe," Bibi Aikaeli akasema kutoka mahali pake. "Linapelekwa."

Mwenyekiti akaangaza macho kutafuta njia, yakanikuta mimi, mtu wa kuja, nisiye na ukoo wala upande. Uso wake ukapata nafuu. "Kijana," akasema, "mpelekee yule mama."

Mkutano wote ukashusha pumzi. Mimi sikuelewa mpaka nilipomwona Bibi Aikaeli anatabasamu. Anayeomba msamaha haendi mwenyewe, anatuma mtu, na mtu mzuri wa kutumwa ni yule asiye na upande. Katika kukwepa, mwenyekiti alikuwa ameitimiza mila vizuri kuliko ambavyo angeweza kuipanga. Nadhani alitambua nilipofika katikati ya njia, kwa maana nilisikia akisema "Hebu ngoja," lakini miguu yangu haijawahi kujifunza kurudi.

Mama Pendo hakulipokea. Ameishi huko miaka ya kutosha kujua kilichoko mbele yake.

"Limetoka kwa nani?"

"Kwa mwenyekiti."

"Anaomba nini?"

Sikuwa nimeambiwa. Nikageuka. Kijiji kizima kikageuka pamoja nami. Salome, ambaye alikuwa anaona mradi wake unachanua kuliko alivyowahi kuota, akampelekea mwenyekiti kipaza sauti mdomoni. "Mwenyekiti, swali limeulizwa."

Elinami alisafisha koo. "Kufuli," akasema.

"Sijasikia," Mama Pendo akasema. "Spika linakoroma."

"Kufuli la bomba. Nilifunga mimi, kwa hasira zangu. Kamati haikukaa. Na lile neno."

"Neno gani?"

"Unalijua."

"Mimi nalijua. Mkutano haulijui."

Mwenyekiti alilisema taratibu, lakini spika, ambalo siku nzima lilikuwa likikoroma, sasa likalitoa safi mpaka ng'ambo ya mto. Hakuna aliyecheka. Mtendaji wa kijiji, aliyekuwa anaandika muhtasari, alinyanyua kalamu akafikiri jinsi ya kuliandika.

Sasa zamu ikawa ya Mama Pendo, na niliona wazi kwamba halitaki jani lile. Akilipokea, maneno yote aliyowafanyia mazoezi ng'ombe yanakwenda na maji. Hawezi tena kumshtaki wilayani, hawezi kumnunia hata njiani. Mkono wake ulibaki ndani ya khanga muda mrefu. Mimi nimesimama nimelinyoosha jani, mkono unaniuma, nikijifanya mti.

"Nikilipokea," akauliza, "bado naruhusiwa kuuliza swali?"

Salome akasema jani ndiyo ruhusa yenyewe. Bibi Aikaeli, kwa sheria nyingine kabisa, akasema kusamehe si kufunga mdomo. Kwa mara ya kwanza siku ile mradi na mila vilikubaliana, tena bila kujuana.

Mama Pendo akalitwaa. Kisha akalinyoosha juu, kama tulivyofundishwa.

"Bomba linafunguliwa lini?"

"Leo," mwenyekiti akasema.

"Leo ni ndefu."

"Mkutano ukiisha."

"Mtendaji, andika."

Baada ya hapo masale mengine nayo yakaanza kunyooka, moja moja, na mengi hayakuwa mikononi mwa makoti. Massawe alirudi kutoka kwa mama mkwe akiwa ameshiba, akawaona watu wote na masale juu, akavua kofia. Alituuliza tumewakosea nini watu hawa. Salome alipoelewa hatimaye, alikaa kwenye ngazi ya ofisi, akauliza kama njia hiyo inaweza kutumika na vijiji vingine. Massawe akamjibu kwamba ikitumika, yeye anaacha udereva.

Alasiri tulishuka wote bombani. Kufuli lilikuwa limeshika kutu, mwenyekiti akajaribu ufunguo, akajaribu mafuta ya kupikia, mwishowe akavua koti na kulipiga kwa jiwe, huku wapangaji wakimshauri pa kupiga. Maji yalikohoa, yakaja mekundu, yakaja meupe, yakaja maji. Mwenyekiti akawa wa kwanza kulowa.

Pikapu ilishuka Moshi bila mimi. Nilitaka kuona kijiji kinavyoamka siku ya pili. Mchana, wakati wa kula ndizi, Mzee Kisanga, mwenye vile vyumba vya wapangaji, alikuwa ameniambia vimebaki vitupu kwa kukosa maji na ningeweza kulala kimoja kwa chochote nitakachojaliwa. Jioni nilipomfuata nikamkuta amesimama mlangoni, ufunguo mfukoni, anasikiliza ndoo zinavyojaa.

"Kijana," akasema, "ile bei ya mchana ilikuwa ya chumba kisicho na maji."

Nilikuwa nafikiri cha kumjibu. Mama Pendo akapita na ndoo kichwani, Pendo nyuma yake na nyingine, hakusimama wala hakugeuza shingo.

"Ni swali zuri, mzee," akasema. "Tutaliuliza kwenye mkutano."

Mzee Kisanga akasema hakuna haja ya kufika huko, akanipa ufunguo.