Mtumbwi wa Pombe Chini ya Gramafoni

Mtu akikukaribisha nje huku mvua inanyesha, jua ndani kuna kitu. Ndivyo alivyonipokea juzi mke wa mwanangu mdogo, kule Ihembe.

"Shikamoo mama. Kaa hapa barazani."

"Marahaba. Hapa panavuja, mwanangu."

Mwanangu mkubwa ndiye aliyenituma. Mtumbwi wetu wa kukamulia ndizi za rubisi, pombe yetu ya ndizi, ulikuwa umepotea, na ndizi zimeshaiva shimoni. Kijana wake anaoa. Usipopeleka pombe ukweni, bibi harusi hatoki. "Mdogo wangu ameuuza," aliniambia, "mimi namjua."

Nikasukuma mlango. Chumba chenyewe ukinyoosha mikono unagusa kuta. Mtumbwi umelazwa kifudifudi kwenye kona, na juu yake gramafoni inaimba.

"Mama, nikiiweka mezani inalia kama mbu," mwanangu mdogo, aliyekuwa ameketi kando yake, akajitetea. "Hapo konani, juu ya mtumbwi, inatoa sauti nene kama ngoma. Shika tumbo lako usikie."

Nikashika. Kweli tumbo lilitetemeka.

Mara mkubwa akaingia na fimbo yake. Akasimama, akasikiliza. Fimbo akaiegemeza ukutani, naye akashika tumbo.

"Usiutoe," akamwambia mdogo wake. "Twende tukaazime kwa jirani."

Jirani akawapa mtumbwi wake bila swali. Mimi ningeuliza kwanza kama yule mkubwa naye hajaanza kutafuta gramafoni.