Mwaka Wetu Kwenye Mji wa Mawe

Miaka ile wasichana wa Kenya tulipokuwa tukimiminika Saudia, mimi niliangukia Riyadh, kwa mama kijana mwenye binti wa mwaka mmoja na mume mpole asiyekaa nyumbani. Sikuteswa. Nalisema hilo mapema kwa sababu nikitaja Saudia watu husubiri nipandishe mkono wa blauzi niwaonyeshe kovu. Nilikula nikashiba, nililala kitandani, na kwa miaka miwili sikutoka nje ya geti peke yangu hata siku moja.

Kisha madam akapata nafasi ya kusoma Uskoti. Aliingia jikoni akasema, "Tunasafiri. Mimi, wewe na mtoto. Mwaka mzima."

"Huko ni Ulaya?" nikauliza.

"Ni huko juu kabisa," akasema, akanyoosha kidole kwenye dari.

Mumewe, ambaye nilimwita baba, alitupeleka soko la Dirah kununua makoti ya manyoya, yale ya wachunga ngamia. Ilikuwa joto la kukausha mate, na mwenye duka aliyatoa stoo huku akicheka. Baba akatusindikiza hadi Uskoti, akakaa wiki mbili, akarudi Riyadh kazini. Tukabaki watatu.

Mji wenyewe ulikuwa mdogo, ungeweza kuuzunguka kabla chai haijapoa. Nyumba zilikuwa za mawe ya kijivu, zimebanana mabega kama watu wanaoota moto. Barabara yetu ilishuka hadi uwanja wa soko, na katikati ya uwanja ilisimama nguzo ndefu, juu yake farasi wa jiwe mwenye pembe moja kwenye paji la uso. Mvua ya karne nyingi ilikuwa imemlamba mpaka macho yakafutika.

Tulifika Juni, na mwaka ule Ramadhani nayo iliangukia Juni. Jua lilikataa kutua. Madam aliketi dirishani na tende tatu kwenye kisahani, akilitazama likining'inia juu ya mapaa hadi saa nne usiku. "Huku hata jua halina haraka," alisema. Nje hakutaka kwenda. Aliogopa kutazamwa.

Jumamosi ya kwanza akanipa kikapu. "Nenda sokoni."

"Na nani?"

Akanitazama kama mtu ambaye hakuwa amelifikiria hilo. "Na nani tena? Wewe."

Nilishuka ile barabara nimeshika ukuta. Msinicheke. Miguu ilikuwa imesahau kwenda bila kuitwa. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye vizingiti vya milango, na ulinukia kwetu Kinangop: majani mabichi, moshi, kondoo walioloa. Nikawa sijui kama naenda mbele au narudi nyuma. Mbele yangu watu walitokea, wakasema neno, wakayeyuka.

Uwanjani kulikuwa na meza za jibini, mayai, sufu, na mwishoni mama mzee mwenye buti za mpira akiuza viazi. Nikachukua kimoja nikakisugua kwa kidole gumba. Ngozi ikachubuka.

"Hivi ni vichanga," nikamwambia kwa Kiingereza. "Vya kula wiki hii. Havikai."

Akaweka chini sahani ya mizani. "Umejuaje?"

"Kwetu ni viazi tupu, mama."

Alijibu maneno mengi. Kiingereza chake kilikuwa kama cha mtu anayetafuna na kuimba kwa pamoja, nikamwomba arudie mara tatu. Mara ya tatu tukacheka wote wawili, na sijui hadi leo alikuwa amesema nini.

Nikawa nampitia kila Jumamosi. Ilipofika Oktoba akasema anavuna shamba la mwisho, niende na watu wangu tukamsaidie. Nikapeleka ujumbe nyumbani nikitarajia hapana.

"Shambani? Kufanya nini?" madam akauliza.

"Kuokota viazi."

"Mimi?"

Akatazama dirishani. "Yalla, twende," akasema, kwa sauti ya mtu anayekwenda kugombana.

Trekta ilipindua udongo mweusi, na sisi tukafuata nyuma na ndoo. Madam alikuwa amechomeka pindo za abaya ndani ya buti za kuazima. Mtoto alipiga kelele kwa kila kiazi, kana kwamba ni yai. Kufikia adhuhuri madam alichimbua kimoja kikubwa, akakiinua kwa mikono miwili, akacheka. Kicheko hicho sikuwahi kukisikia Riyadh. Kisha akachuchumaa tena, akauliza bila kunitazama:

"Mama yako yu hai?"

"Yu hai."

"Analima?"

"Analima."

"Peke yake?"

"Peke yake."

Akaokota viazi vitatu, vinne. "Basi mgongo lazima unamuuma," akasema.

Nilikuwa nimemlelea mtoto zaidi ya miaka miwili, na hilo ndilo swali la kwanza aliloniuliza kuhusu kwetu. Nikaokota haraka haraka, nimeinama, asinione uso.

Tangu siku hiyo tulikwenda sokoni watatu. Tukala meza moja. Majira ya baridi giza lilipoanza kuingia saa kumi alasiri, tulikaa na makoti yetu ya wachunga ngamia karibu na moto, na Jumapili kengele ilipolia madam alisema, "Nenda ukasali, sisi tutakungoja." Kanisani walianza wimbo ambao nilijua sauti yake bila kujua maneno yao, nikauimba kwa Kikuyu hadi mwisho. Hakuna aliyegeuka.

Siku za mwisho yule mama wa viazi aliniuliza kama nisingependa kubaki. Pasipoti yangu ilikuwa kwenye droo ya jikoni, pamoja na vijiko. Asubuhi moja niliitoa, nikaitazama picha yangu, nikairudisha. Kwa nini, sijui vizuri. Labda ni woga. Labda ni mtoto, aliyekuwa akiniita kutoka juu nimvalishe soksi.

Riyadh geti likafungwa nyuma yetu. Baba akaichukua pasipoti akaiweka kwenye sefu. Madam akaanza kazi, na maneno yake kwangu yakapungua hadi yalla ya kunihimiza na halas ya kusema basi. Hakuwa amegeuka mbaya. Ukuta tu ulirudi mahali pake.

Mwaka uliofuata tulikwenda Jeddah kumuuguza mama yake madam. Ijumaa moja nikapewa ruhusa, nikaenda mtaa wa Hindawiyah kwenye chumba ambako wasichana wa Kenya walipika ugali. Nikawasimulia ule mji.

"Uskoti?" mmoja akasema. "Dada, hiyo ni joto imekupiga!"

Wakacheka, nami nikacheka. Picha sikuwa nazo. Simu yangu ilikuwa mulika mwizi, ya tochi isiyo na kamera. Lakini njiani nikirudi nilianza kujiuliza kweli.

Jioni nilimkuta madam ameketi peke yake kwenye paa la nyumba ya mama yake.

"Madam, tulikaa kweli kule?"

Hakuuliza wapi. "Na mimi hunijia hivyo," akasema. Kisha akafumba macho. "Kutoka mlangoni kwetu, ukishuka. Duka la kwanza?"

"La mikate."

"Hapana. Fundi viatu, ndipo mikate."

"Fundi viatu alikuwa ng'ambo, karibu na muuza nyama mwenye mbwa wa jicho moja."

"Wallahi, kweli!"

Tukashuka upande mmoja, tukapanda wa pili, duka kwa duka. Tukakwama kwenye mlango mmoja wa kijani kati ya benki na muuza maua. Tulibishana juu ya mlango huo mpaka mama yake alipoitisha dawa.

Miezi mitatu baadaye mkataba wangu uliisha. Madam alikuja hadi uwanja wa ndege, ingawa hakulazimika, akamwinua mtoto nimkumbatie. Alinipigia simu mara mbili mwaka ule, kisha namba yake ikawa haipatikani. Siku hizi nafundisha chekechea kwetu Kinangop. Wazazi wakiniuliza nilijifunzia wapi Kiingereza hiki cha kutafuna na kuimba, nawajibu Saudia, maana ndilo jibu wanaloweza kuliamini bila kuketi kusikiliza.